Pedeli za Mama Mkwe

Nilistaafu mwezi uliopita. Barua ya kustaafu iliandikwa na mgongo wangu, mimi nikatia sahihi tu. Vijana niliowaachia gereji pale Lushoto wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, na kwa kuwa siku hizi mke wangu ananituma dukani kila nusu saa ili nisimkalie jikoni, nimeona heri niandike. Msitarajie niwaambie nililipwa nini wala nilipandishwa cheo lini. Gerejini hakuna vyeo. Kuna aliye chini ya gari na aliye juu yake.

Nilianza kazi kwa marehemu Fundi Hoza. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe, kwa sababu mama yangu alisema kazini mtu huenda nadhifu. Fundi Hoza alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, akanipa debe la mafuta ya taa na rundo la boliti zilizoganda grisi ya miaka. Nikazisafisha mpaka jioni. Lile shati mama alikuja kulifanya kitambaa cha kuepulia sufuria, na hatukulizungumza tena. Mwezi mzima sikushika spana. Nilipoishika, nilishika isiyo ya saizi yake nikaivua boliti pembe zote, nikarudishwa kwenye debe.

Fundi Hoza hakuwa mtu wa maneno mengi lakini alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja kwa mkubwa wala mdogo. Hakurudisha gari bila kuketi kando ya mwenyewe wakaenda nalo pamoja, kupanda kuelekea Magamba na kushuka. Alisema gari haliugui peke yake, linaugua na mtu wake. Mimi niliona ni ujanja wa mzee anayependa kupanda magari ya watu. Siku moja ikaja pikapu ya kubeba kabichi kutoka Lukozi, imeunguza klachi mara ya tatu. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kubadilisha sahani ya klachi na kumlaumu muuza vipuri. Fundi Hoza aliketi na dereva, wakaenda, wakarudi, akaniagiza nikatafute kipande cha mti wa mkaratusi. Dereva yule alikuwa akipumzisha mguu wa kushoto juu ya klachi njia nzima, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Tukampigilia kile kipande pembeni ya klachi, akapata pa kuuweka mguu, na klachi ile haikuungua tena. Tangu hapo nikawa mtu wa kutazama miguu ya watu. Mke wangu anasema nilipokwenda kumposa nilitazama viatu vyake kabla ya uso. Si kweli, ila sina shahidi.

Nilipofungua gereji yangu nilikuja na tupa moja ya nusu mviringo aliyonipa Fundi Hoza, pamoja na onyo: mkono wa pedeli ya breki hauchomwi moto wala haupindwi. Ukitaka nafasi, itafute kwenye pedeli ya mafuta. Mafuta yakikatika utasimama barabarani ukasirike. Breki ikikatika kwenye kona za kushukia Mombo, wengine ndio watakaokasirika, kwenye msiba wako. Andikeni hilo ukutani.

Kesi iliyonitoa jasho kuliko injini yoyote ilikuja miaka sita iliyopita, na ilitoka nyumbani. Mama mkwe wangu, Mama Elia, alikuwa mkunga wa zahanati za upande wa Mlalo mpaka alipostaafu. Kwa miaka mingi aliendesha mwenyewe landrova ya kazi, kwa sababu dereva alikuwa mlevi na watoto wachanga hawangoji mtu pombe imtoke. Ni mwanamke mrefu, hacheki ovyo, na ana miguu mikubwa. Ninaposema mikubwa simtanii. Anavaa raba za kiume namba arobaini na sita, na hizo mpaka aagizie.

Sasa kulikuwa na daktari mmoja wa kigeni aliyefanya naye kazi, mama mfupi, mwembamba. Alipokuwa anarudi kwao alimwachia Mama Elia kigari chake. Kilikuwa kigari cha michezo, chekundu, cha viti viwili, kifupi hata mbuzi akisimama upande wa pili unamwona mgongo. Watu wa mtaani walikiita Kibiriti. Elia, shemeji yangu, anayefanya kazi Tanga, alisema hicho ni kitu cha kuuza haraka kabla hakijala kutu. Mama akakataa. Alisema maisha yake yote amewaendesha wagonjwa, waliojifungua na maiti, na sasa anataka kujiendesha yeye, kwenda kanisani, kwenda Irente kununua jibini, kwenda popote bila kumwomba mtu. Kwa mama yule, hayo yalikuwa maneno mengi sana kwa siku moja.

Tatizo likawa pedeli. Landrova ina pedeli zilizotawanyika, unaweza kuikanyaga hata na ndala za jirani. Kile kigari kilitengenezwa kwa miguu ya yule daktari. Breki na mafuta zilikaribiana kiasi cha vidole vitatu, na mguu wa Mama Elia ukitua kwenye breki unafunika na jirani yake. Alikwenda kwa fundi mmoja, simtaji, ambaye alimtazama miguu, akacheka, kisha akaita wenzake waje nao watazame. Mama akafunga mlango, akaondoka. Jioni ile mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na ujumbe: Baba Neema, yaani mimi, akitazame kile kigari.

Vijana wa leo mtacheka hapa. Kwa sisi tuliolelewa na wazee wale, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na miguu yake huiangalii kabisa. Nikiingia kwake nilikuwa nasema shikamoo mama nikiutazama mlango, naye anaitikia marahaba baba akivuta kanga kufunika miguu. Maneno mengine yote yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja. Mwambie Baba Neema chai ipo. Mimi nimesikia, chai naiona, lakini nangoja niambiwe. Kwa hiyo nilikuwa nimepewa kazi ya kupima mguu nisioruhusiwa kuuona, kwenye gari la viti viwili ambalo kiti cha pili siruhusiwi kukikalia.

Nikajiona mjanja. Nilimtuma mke wangu aniletee kiatu kimoja cha mama. Kikaja kimefungwa kwenye gazeti, kiatu cheusi cha ngozi, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa. Kilikuwa kirefu kweli, lakini hakikunitisha kwa upana. Nikapima, nikaweka alama, nikaanza. Niliondoa zulia la sakafuni pamoja na sponji yake, nikapata unene wa kidole kizima. Nikarudisha kiti nyuma tundu mbili. Nikaufungua mkono wa pedeli ya mafuta, nikaubana kwenye jiliwa, nikaupinda taratibu kuelekea upande wa mlango, kisha nikaushusha kidogo ili breki ikae juu yake. Breki niliipiga tupa ukingoni tu, kwenye bamba la kukanyagia, nikaacha mkono wake salama. Nikaingiza kile kiatu, nikakibonyeza kwa mkono hapa na pale. Kilipita kwa raha.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Elia alikuja na mke wangu kukijaribu. Mimi nilisimama getini kwa heshima, nikitazama upande wa milima. Alizunguka uwanja mara tatu, akafunga breki, akaondoka, akafunga tena. Mke wangu akaja kuniambia mama anasema ahsante. Nikajipongeza kuliko ilivyostahili.

Jumanne asubuhi alikuwa akirudi kutoka Irente. Kwenye mteremko mmoja akakuta ng'ombe wamekatiza njia, akakanyaga breki, na kigari badala ya kusimama kikanguruma kikaruka mbele. Ukingo wa mguu ulikuwa umekanyaga na mafuta. Upande mmoja wa njia ni bonde ambalo sipendi hata kulifikiria. Mama alikata usukani upande wa mlima, akaingia kwenye shamba la kabichi la mtu, akazilaza safu nzima mpaka kigari kilipokwama kwenye tuta. Hakuumia. Ng'ombe hawakuumia. Kabichi ndizo zilizokwenda.

Niliambiwa nikiwa chini ya lori. Nikatoka, nikaketi juu ya tairi. Nilikuwa nimewafundisha vijana kumi na zaidi kwamba gari halirudishwi mpaka umeketi na mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama getini natazama milima. Uso umeumbwa na haya, ni kweli, lakini haya zangu zilikaribia kumuua mama wa watu.

Elia alipopata habari alipiga simu palepale. Jumamosi anakuja na mnunuzi, kigari kinaondoka. Simlaumu, nami ningesema hivyohivyo kwa mama yangu. Mama alimjibu jambo moja tu: mnunuzi aje, ila kabla hajakigusa watamwona yeye akikiendesha mpaka Soni na kurudi. Akishindwa, atatoa funguo mwenyewe. Elia akakubali, nadhani kwa sababu hakuamini kwamba itafika huko.

Jumatano nilikwenda kwa mama na mita ya fundi cherehani mfukoni. Mke wangu alikaa kati yetu kama kawaida. Mama alikuwa ametoka shambani, amevaa zile raba zake, zimejaa udongo mwekundu. Mara moja akavuta kanga. Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba nimekosa. Kisha nikaona huu ni upuuzi, nikageuka, nikamtazama mama mwenyewe.

"Mama," nikasema, "naomba mguu."

Mke wangu alitazama dari. Nami nikajutia kuzaliwa. Halafu mama akaiondoa kanga.

"Baba Neema," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita yeye mwenyewe, "mtoto akigoma kutanguliza kichwa, mimi nilimshika mguu. Sikuuliza kwanza ni mkwe wa nani. Shika."

Nikapiga magoti, nikashika. Mguu ulikuwa wa baridi na mzito, na nilipoufungua kamba za raba niliona kidole gumba na kile kidogo vimejaa sugu. Nikamuuliza kile kiatu cheusi ni cha nini. Ni cha kanisani, akasema. Alitengenezewa na fundi viatu wa Tanga ambaye hakuamini vipimo alivyoandikiwa, akakipunguza upana. Hukivaa kwa ajili ya ibada tu, na mahubiri yakianza hukivua chini ya benchi. Na Jumapili ile alikijaribia kigari akiwa nacho mguuni. Nilimuuliza kwa nini basi hakunitumia raba. Akashangaa kwelikweli.

"Ningekutumiaje mkwe wangu raba ya shambani?"

Yeye alinitumia kiatu safi kwa heshima, mimi sikuuliza kwa heshima, mke wangu akakifunga kwenye gazeti kwa heshima, na heshima zetu zote tatu zikaishia kwenye kabichi. Nilichora mguu wake kwenye ubao wa boksi, ukiwa na raba. Upana ulizidi ule wa kiatu kwa vidole viwili vizuri. Nilipoondoka, mke wangu alinionya kwamba kwa jambo nililolifanya lazima nipeleke kitu cha kuomba radhi. Nikampelekea mama kitenge. Alikipokea, akaniuliza pedeli zimefikia wapi.

Zilikuwa hazijafika popote. Nilikata msumeno upande wa kulia wa bamba la breki, nikaupiga tupa mpaka ukawa laini. Kwenye pedeli ya mafuta niliondoa bamba lote la zamani, nikachomelea jipya, jembamba na refu, lililobanana na ukuta wa mlango, chini kuliko breki kwa kina cha kidole. Kiti nilikifungua kwenye reli zake nikakifunga chini moja kwa moja, magoti yapate kupumua. Na safari hii sikupimia kiatu kitupu. Ijumaa nilimketisha mama kwenye usukani na raba zake, mimi nikalala kifudifudi mlangoni, kichwa kwenye pedeli, miguu yangu nje barabarani. Kanyaga mama. Achia mama. Kanyaga kwa hasira, kama umeona ng'ombe. Kila akikanyaga napitisha kidole kati ya raba na mafuta. Watu walisimama. Mzee mmoja wa ukoo alikohoa mara mbili kwa sauti ya kunionya. Mama akashusha kioo, akamsalimia kwa Kishambaa na kumuuliza hali ya kikohozi chake, na mzee akaendelea na safari.

Jumamosi Elia alifika gerejini, na mnunuzi nyuma yake na pikapu. Alikuwa amekuja na kamba ya kuvutia, kwa kuwa aliambiwa kigari hakitembei. Mama aliwasalimu, akavaa raba, akaingia. Mimi nikazunguka upande wa pili. Mke wangu akaniangalia. Elia akaniangalia. Nikafungua mlango, nikaketi kando ya mama mkwe wangu, bega kwa bega, kwa sababu kigari kile hakina namna nyingine ya kuketi.

Tulipita sokoni. Sitasema nilijisikia vizuri, nilijisikia kama nimetembea bila suruali. Wanawake wa mbogamboga waliacha kupanga karoti. Lakini tulipoanza kushuka nilisahau watu, nikawa natazama mguu tu. Kona ya kwanza, breki, safi. Ya pili, safi. Lori likatujia katikati ya barabara na mama akakanyaga kwa nguvu, nami nikaona raba ikitua juu ya breki peke yake, na kando yake bamba la mafuta limetulia halijaguswa. Kigari kikasimama. Mama akapumua, akaendelea. Tukafika Soni, tukageuza, tukaanza kupanda.

Kilomita kama nne kabla ya Lushoto akaegesha pembeni, akavuta breki ya mkono.

"Shuka," akasema.

Nikadhani ameona kasoro. Nikauliza ni nini.

"Wakikuona kando yangu watasema wewe ndiye uliyeniambia nikanyage wapi. Shuka, mwanangu."

Nikashuka. Alitia gia, akaachia klachi polepole, na Kibiriti kikapanda kona kikapotea. Nilibaki barabarani na ovaroli yangu, bila hata simu, nikaanza kutembea.

Kijana mmoja wa bodaboda alisimama, akaniamkia, akauliza kama gari limenifia njiani, anipeleke. Nikamwambia hapana, natembea tu. Alinishangaa akaenda. Nilitembea zaidi ya nusu saa, jua limenikaa kichwani, mpaka nikasikia gari likishuka. Ilikuwa pikapu ya yule mnunuzi. Nyuma hakuna kitu. Kamba ilikuwa imeviringishwa pembeni, haijafunguliwa fundo hata moja. Alipunguza mwendo aliponitambua, akatoa kichwa dirishani, akasema yule mama amewapita yeye na Elia getini akaelekea Irente, na kwamba nisimtarajie kurudi kunichukua.

Nikamshukuru, nikaendelea kupanda.